Mdomo Unaotaja Bei

Mara ya kwanza Mama Pindo kumwona yule mwanamke wa Kizungu, alimcheka. Mwanamke aliingia karakanani amekumbatia jora la kitambaa cha kijani kama mtu aliyeokota mtoto njiani, akasema anataka ashonewe mapazia ya sebule. Mama Pindo alikipapasa kitambaa, akakivuta pembeni kuona kama kinatanuka, akauliza kimenunuliwa bei gani. Alipotajiwa, aliweka mkasi mezani.

"Dada, hapo umeuziwa kitambaa peke yake, au na muuzaji amejumlishwa?"

"Aliniambia hiyo ndiyo bei ya mwisho."

"Ya mwisho kwako. Kwangu hata ya kwanza haifiki huko."

Mwanamke hakununa. Alijibu, kwa Kiswahili kisicho na kigugumizi, kwamba amezaliwa mtaa wa nyuma ya kanisa pale, amesoma hapa, ameolewa hapa na kuachwa hapahapa, na bado kila akikanyaga sokoni vitunguu vinapanda bei vikimwona. Mama Pindo alilipenda jibu hilo. Alimheshimu mtu anayejua namna anavyoibiwa.

Siku ya pili walikwenda sokoni pamoja. Mama Pindo alimwacha kwenye kibanda cha chai, akamkataza hata kuchungulia, akaingia peke yake na kurudi na jora kama lile, kwa bei iliyomfanya mwenzake ashike kichwa.

"Kumbe mimi ni hasara inayotembea."

"Sokoni, ndiyo. Hebu tutafute pahali ambapo uso huo una faida."

Walicheka mpaka muuza chai akawauliza kuna nini. Urafiki ulianzia hapo, na biashara ilianzia hapo, na kwa muda mrefu hakuna aliyehangaika kujua kipi ni kipi.

Mama Pindo hakurithi kitu. Alianza chini ya ngazi za jengo la ofisi, akikunja pindo za suruali za makarani wakati wa chakula cha mchana, wenye suruali wamejifunga kanga yake wakisubiri. Jina lake lilitoka huko. Kutoka chini ya ngazi alihamia kwenye chumba, kutoka chumba akapata cherehani ya pili, na kutoka suruali akahamia kwenye mapazia, kwa sababu suruali ina miguu miwili tu lakini nyumba ina madirisha mengi.

Tatizo lilikuwa hao wenye madirisha. Kwenye nyumba kubwa alipitishwa mlango wa jikoni. Akitaja bei, mwenye nyumba alishtuka kama ametukanwa, akashusha na kushusha mpaka kikabaki cha kununulia uzi. Na usidhani walikuwa Wazungu. Wengi walikuwa weusi kumzidi yeye, watu ambao mama zao walikunja pindo kama yeye.

Basi siku yule mwanamke alipomsindikiza kwenye nyumba ya daktari wa meno, kwa kumbebea tu mkoba, mke wa daktari akampita Mama Pindo kama kiti, akamshika Mzungu mkono na kumuuliza mapazia yatagharimu kiasi gani. Mzungu akageuka kumtazama fundi. Fundi, nyuma ya bega la mwenye nyumba, akanyoosha vidole. Mzungu akasoma vidole, akataja. Mke wa daktari akasema, "Sawa, mnaanza lini?"

Barabarani Mama Pindo alitembea haraka mpaka kona ya pili. Halafu akasema, "Kuanzia leo wewe unaongea, mimi napima. Bei nitakupa mlangoni. Ukishaitaja, funga mdomo. Baada ya bei, atakayeongea kwanza ndiye ameshindwa."

"Na wakiuliza wewe ni nani?"

"Sema ninakusaidia."

Ndivyo walivyofanya kazi. Mlangoni Mama Pindo alinong'ona bei, ndani akapanda ngazi na futi ya kupimia shingoni, na chini yake mwenzake akasema kwa sauti tulivu, "Huyu ndiye anayenisaidia." Faida waligawana nusu kwa nusu, na katika hilo hapakuwa na ujanja. Kazi zikawa kubwa. Cherehani zikawa tano.

Njiani kurudi waliigiza. Mzungu aliiga mwenye nyumba akisifia rangi ambayo hakuielewa. Mama Pindo alijiiga mwenyewe juu ya ngazi: "Ndiyo, Madamu. Mara moja, Madamu." Walicheka machozi yakawatoka. Mama Pindo alikuwa ameshampa jina, Kiazi, kwa kuwa alionekana kama aliyemenywa, na jina likashika mtaa mzima. Fundi viatu wa jirani alimwita Kiazi. Muuza maji alimwita Kiazi. Mwenyewe aliitikia.

Mzaha ni mfuniko mzuri. Ulifunika vizuri sana hata hakuna aliyekumbuka kufunua sufuria aone kinachochemka.

Mdogo wake Mama Pindo, muuguzi, aliyekuwa akiishi naye, ndiye peke yake aliyeugusa mfuniko huo. "Dada," alimwambia siku moja akimsaidia kupiga pasi, "hivi wewe unauza mapazia, au unauza uso wa mtu na mapazia ni nyongeza?"

"Ninauza kinachonunuliwa."

"Haya. Ila hao wateja wako, ukifa leo, watamzika nani?"

"Wewe sindano zako zimekuzidi. Piga pasi."

Lakini neno lilibaki. Mama Pindo alianza kuhesabu nyumba alizopima madirisha mara mbili na tatu, na kugundua kwamba kuna wenye nyumba wasioijua sauti yake.

Kiazi alipopata nyumba yake mwenyewe, kwa mkopo mzito wa benki, Mama Pindo alimshonea mapazia ya bure. Si ya bure kwa maneno. Ya bure kweli, yenye bitana na marinda mazito, kitambaa alichokitafuta mwenyewe kwa siku nyingi. Alikwenda kuyatundika Jumamosi ya kuhamia. Ndugu wa Kiazi walikuwa wamejaa sebuleni, na maboksi yamejaa kuliko ndugu. Mama Pindo alikuwa juu ya ngazi, pini midomoni, akigawanya marinda, dada yake Kiazi alipoingia na trei ya vikombe akauliza, "Na huyu ni nani?"

Kiazi alikuwa akipekua boksi. Hakuinua kichwa. "Huyu ndiye anayenisaidia," akasema.

Sauti ilikuwa ileile tulivu. Ila siku hiyo hapakuwa na mteja, hapakuwa na bei ya kutaja, na nyumba ilikuwa ya rafiki yake.

Dada mtu alitabasamu, akaweka kikombe kimoja sakafuni karibu na mguu wa ngazi, akawapelekea wengine vyao mezani. Mama Pindo alikuwa na pini midomoni, hivyo hakujibu. Aligawanya marinda mpaka la mwisho, akaweka pete, akayavuta na kuyarudisha kuona kama yanateleza. Yaliteleza. Akashuka, akakiruka kikombe, akaaga.

Wiki zilizofuata walizungumza vitambaa tu. Mama Pindo hakufoka, hakununa, hakuchelewa. Alianza tu kumwita mwenzake kwa jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho. Mafundi wengine wakaanza kutazamana.

Halafu ikaja habari ya hoteli. Hoteli mpya ilikuwa inajengwa karibu na stendi, na mwenye hoteli alitafuta mtu wa kushona mapazia ya vyumba vyote. Kazi ya namna hiyo humtoa fundi kwenye mtaa na kumweka kwenye mji. Mama Pindo alipopata habari hakumwambia mwenzake mara moja, na hilo lilimshtua mwenyewe. Zamani angemkimbilia.

Umeme ulikatika mchana mmoja, cherehani zote zikanyamaza, mafundi wakatoka kuota jua. Wakabaki wawili, meza ya kukatia katikati yao.

"Umekuwa ukiniita jina langu lote," Kiazi akasema. "Kama mtu wa benki."

"Si ndilo jina lako?"

"Ni langu ukinikasirikia. Sema, basi."

"Nikisema utalia."

"Sitalia."

Mama Pindo alikunja bitana, akaiweka kando. "Dada yako aliuliza mimi ni nani. Ukamwambia mimi ndiye ninayekusaidia."

Kiazi alifikiri. Uso wake ulionyesha kwamba anafikiri kweli, anatafuta. "Nilisema hivyo?"

Hapo ndipo palipomchoma Mama Pindo, kuliko hata neno lenyewe. Alikuwa amelibeba jambo hilo kila siku kama ndoo kichwani, na aliyelisema hakujua hata limemdondoka wapi.

"Ilinitoka tu," Kiazi akasema. "Nimezoea. Si tunasema kila siku?"

"Unasema wewe. Mimi huwa niko juu ya ngazi."

"Lakini wazo lilikuwa lako. Wewe ndiye uliyenifundisha hata kufunga mdomo baada ya bei."

"Lilikuwa langu, na limetulisha. Nilikodi mdomo wako. Nafasi yangu sikukuuzia."

"Na mimi sokoni? Miaka yote nimefichwa kwenye kibanda cha chai kama mzigo wa magendo. Uliwahi kunisikia nalalamika?"

"Sokoni ukijificha unaokoa pesa, kisha unatoka na wewe ni yuleyule. Yule muuza vitunguu hakuoni mdogo, anakuona una kitu. Mimi nikijificha natoka nikiwa mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye anayejulikana. Mpaka nyumbani kwako. Mpaka na wewe umemjua huyo."

Kiazi akalia. Mama Pindo akatazama pembeni kwa hasira, kwa maana alijua kinachofuata: aliyeumizwa ni yeye, na sasa yeye ndiye atafute leso. Hakuitafuta. Aliliacha chozi lifike kidevuni lenyewe, na mwenzake akajifuta kwa kipande cha bitana.

"Na hilo jina?" Kiazi akasema alipopata sauti. "Kiazi. Fundi viatu ananiita Kiazi. Watoto wananiita Kiazi, wanangu wakisikia. Uliwahi kuniuliza?"

"Ulicheka."

"Na wewe ulicheka. Ulipokuwa ukiigiza 'Ndiyo, Madamu,' ulicheka kunishinda. Ningejuaje?"

Mama Pindo alitaka kusema kwamba si sawa, na kweli si sawa. Jina la utani halimpitishi mtu mlango wa jikoni. Lakini alikuwa mtu wa mizani, na anayejua mizani hujua jiwe halisi likiwekwa. Yeye alicheka kwa kusudi la kuficha, halafu akamdai mwenzake aone kilichofichwa.

Kisha akafanya alichokijua. Akataja masharti.

"Kuna hoteli karibu na stendi. Naingia mimi mbele. Bei nataja mimi. Wewe unashika futi."

Kiazi alimtazama. "Hii habari unayo tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na ulikuwa unaninyima."

"Nilikuwa nafikiri."

"Tukiikosa?"

"Tutakuwa tumeikosa."

"Ni rahisi kwako kusema. Mimi nina nyumba ya kulipia."

"Na wewe ni rahisi kwako kuongea," Mama Pindo akasema. "Ndiyo sababu ya yote haya."

Walikubaliana. Kila mapatano huko nyuma waliyafunga kwa kupigana viganja. Safari hii umeme ulirudi, mafundi wakaingia, na viganja vikabaki mezani.

Ofisi ya mwenye hoteli ilinuka rangi mbichi. Palikuwa na meza, yeye mwenyewe nyuma ya meza, na kiti kimoja cha mgeni. Alisimama, akapita mbele ya Mama Pindo na kukivuta kiti kile. "Karibu, Madamu." Kiazi alibaki wima, futi mkononi. Mama Pindo naye hakukaa. Kiti kikabaki katikati yao, tupu, na mtu yule akikitazama kana kwamba ndicho kimekosea.

Mama Pindo alieleza. Alieleza kitambaa kisichopauka kwa jua la magharibi, bitana ya vyumba vya upande wa stendi kwa ajili ya taa na kelele, namna ya kufua bila kuharibu marinda. Mwenye hoteli alisikiliza huku akimwangalia Kiazi, akitikisa kichwa kwa Kiazi. Bei ilipotajwa, Mama Pindo alifunga mdomo.

"Madamu," akasema mwenye hoteli, "wewe unasemaje?"

Shingo ya Kiazi ilikuwa na mabaka mekundu. "Bei ni ya kwake. Muulize yeye."

"Sawa, lakini wewe ni nani katika hii kazi?"

"Mimi ndiye ninayemsaidia."

Mwenye hoteli alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna anayecheka naye, alirudi kukaa. Hapohapo Mama Pindo akaona bei ikianguka kwenye uso wa yule mtu, kama mtu anavyoona maji yakishuka kwenye chupa.

"Kumbe," akasema, na kwa mara ya kwanza akamtazama Mama Pindo, tena kwa uchangamfu. "Basi mama yangu, si ungesema mapema? Sisi ni watu wa nyumbani. Tuzungumze kama watu wa nyumbani."

Mama Pindo alijua vizuri bei ya neno hilo. Alipigana. Alisimama kwenye kila chumba, kwa kila pete, akatishia kuondoka na akafika hadi mlangoni kweli. Alimpandisha yule mtu kuliko ambavyo fundi mwingine yeyote mjini angeweza. Na bado walipofika mwisho, bei ilikuwa chini ya ile ambayo Kiazi angeipata kwa sentensi moja na kimya kimoja. Ilikuwa na faida, faida nyembamba. Mama Pindo hakuwa mtu wa kukataa faida kwa sababu ni nyembamba. Alikubali.

Nje, kwenye kivuli cha lori la saruji, Kiazi alisimama.

"Nimenyamaza kama ulivyotaka."

"Umefanya vizuri. Ulichojibu, umejibu vizuri."

"Neno moja, mwenzangu. Ningesema neno moja tu pale, tungepata yote."

"Najua."

"Imetugharimu."

"Mimi imekuwa ikinigharimu tangu kwa daktari wa meno. Leo umeonja na wewe."

Kiazi alikunja futi polepole, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilidhani nikinyamaza tutakuwa sawa. Nilipomwona anavyokuangalia baada ya pale, nilipata aibu. Halafu nikapiga hesabu ya benki. Aibu ilikwenda, hesabu ikabaki. Nakwambia ukweli kwa kuwa umeutaka."

"Nimeutaka," Mama Pindo akasema. "Endelea."

"Siwezi kuendelea hivi. Nina watoto wawili na nyumba. Na siwezi kurudi kule kwa zamani, maana nikifungua mdomo sasa nitayasikia mwenyewe ninayoyasema."

"Basi huwezi huku wala kule."

"Siwezi."

Walimaliza kazi ya hoteli pamoja, dirisha kwa dirisha, na hakuna aliyemharakisha mwenzake. Pazia la mwisho lilipotundikwa Kiazi alipata ajira kwenye duka la samani lenye vioo vya mbele, kwa mshahara. Uso wake uko kazini asubuhi mpaka jioni, na hakuna anayemnong'oneza bei mlangoni; zimebandikwa tayari. Nyumba anailipia. Ila amewahi kumwambia Mama Pindo kwamba mle dukani, wakiwa peke yao, watu humwambia mambo juu ya mafundi ambayo hawangeyasema akiwepo fundi, na kwamba mara nyingine anawajibu, na mara nyingine anatazama kalenda ya malipo na kunyamaza. Mama Pindo alimshukuru kwa kutodanganya, akamwambia naye maneno aliyowahi kumsema nayo kwa mdogo wake. Hayakuwa machache.

Mama Pindo aliandikisha jina lake juu ya mlango wa karakana. Nyumba za wageni mbili zilimfuata kwa sababu ya ile hoteli, na zote mbili zilianza kupatana kuanzia ile bei ya chini, kwa kuwa bei hutembea kuliko sifa. Cherehani ziko tatu. Wateja wanaijua sauti yake, na baadhi hawaipendi. Kiazi humtumia watu kutoka dukani, akiwaambia bei atawatajia fundi mwenyewe. Wanaofika ni wachache kuliko wanaotumwa, na wote wawili wanajua kwa nini wengine hawafiki.

Huonana mara mojamoja. Siku hizi wanaweza kulizungumza lile jambo bila mzaha na bila leso, kitu ambacho hawakukiweza hata siku moja walipokuwa na cherehani tano. Wakishalizungumza, hukosa la kuzungumza. Mama Pindo hakumpata tena mtu wa kutembea naye njiani akirudi kutoka kazini, na hasemi kwamba hilo ni dogo. Mdogo wake akimuuliza kama alifanya vizuri, hujibu kama anavyojibu juu ya kitambaa chochote: angekinunua tena, ila mapema zaidi, kabla mwenzake hajachukua ule mkopo, wakati ukweli ulikuwa ungali nafuu kwa wote wawili.